Besi uwanjani: ampu inayobebeka kwa pikipiki, umeme wa jenereta na sauti inayofika

Ndani ya ukumbi, mpiga besi anasaidiwa na jengo bila kujua. Sauti nzito inagonga ukuta, inarudi, inajazana na ile inayotoka kwenye spika, na ampu ya wati 200 inaonekana dume. Itoe ampu hiyohiyo kwenye uwanja wa shule au chini ya turubai la harusi, na utadhani imeungua. Haijaungua. Hakuna ukuta wala dari ya kurudisha chochote, na kila umbali unapoongezeka mara mbili unapoteza desibeli 6. Kutoka mita 1 hadi mita 16 mbele ya spika umeshapoteza desibeli 24. Kuzirudisha desibeli 6 tu unahitaji nguvu mara nne: wati 300 ziwe 1,200. Mbio hizo mtu wa kawaida hazimalizi, na mwenye pikipiki haziwezi kabisa.

Kwa hiyo mgawanyo wa kazi ujulikane mapema. Ampu yako ya jukwaani ni kwa ajili yako, mpiga ngoma na wenzako wa karibu. Watazamaji wanasikia besi kupitia mitambo ya mbele, yaani miksa na sabufa za fundi mitambo. Ukikubali hilo, mzigo unapungua hadi unaingia kwenye pikipiki, na nguvu zako zinakwenda kwenye mambo mawili yanayoharibu shughuli nyingi za nje: umeme na laini ya kwenda miksani.

Zamani haikuwa hivyo. SVT, ampu ya besi ya kampuni ya Ampeg iliyotoka mwaka 1969, ilitengenezwa kwa majukwaa makubwa kwa sababu mitambo ya mbele ya wakati ule haikuwa na ubavu wa kubeba besi: wati 300 za vali (zile taa za kioo za ampu za zamani), hedi, yaani ampu yenyewe bila spika, ya zaidi ya kilo 30, na boksi la spika nane za inchi 10 lenye kilo zaidi ya 60. Ni chombo kizuri sana, lakini hicho ni mzigo wa kirikuu.

Mzigo unaotosha

Hedi ya klasi D, ile aina nyepesi, ya wati 300 hadi 500 ina uzito wa kilo 2 hadi 3 na inaingia kwenye begi la mgongoni. Boksi moja la spika ya inchi 12 yenye sumaku ya neodimu lina kilo 12 hadi 16. Boksi la namna hiyo lenye sumaku ya kawaida ya feraiti linafika kilo 20 kwa urahisi, na kwenye kerya ya pikipiki tofauti hiyo utaiona kwenye kona ya kwanza tu.

Angalia namba ya omu (ukinzani wa spika kwa umeme) nyuma ya boksi kabla hujanunua. Hedi nyingi zinatoa wati zake zote kwenye omu 4, na kwenye omu 8 zinatoa nusu au zaidi kidogo. Mabokisi mawili ya omu 8 yakiunganishwa pamoja ni omu 4, hapo ndipo hedi inafanya kazi yake kamili. Boksi la omu 4 na lingine la omu 4 ni omu 2, na hedi iliyoandikwa kwamba mwisho wake ni omu 4 itajizima katikati ya wimbo au itaunguza transista za kutolea sauti. Ndiyo maana ni busara kununua boksi la kwanza la omu 8, hata kama kwa sasa una moja tu: siku ukipata la pili, hutalazimika kubadilisha kitu.

Kuongeza boksi la pili kunaleta zaidi ya wanavyofikiri watu. Hedi inatoa nguvu zaidi, karibu desibeli 3, na spika mbili zilizo karibu zinasukuma hewa pamoja, desibeli nyingine 3 kwenye sauti za chini. Ukibadilisha hedi ya wati 300 kwa ya wati 600 huku boksi likibaki moja, unapata desibeli 3 peke yake, na spika inateseka zaidi. Pesa ikiwa ndogo, nunua boksi kwanza.

Vitu vingine vya kwenye begi: waya wa spika wa Speakon wa mita 2, nyuzi za ndani milimita za mraba 1.5 au 2.5, waya wa gitaa wa mita 6 na wa akiba, DI (kiboksi cha kupeleka sauti ya gitaa miksani), hata kama hedi ina tundu lake la XLR nyuma, waya wa XLR wa mita 10, multimita ndogo, fyuzi mbili za hedi yako, za ampea zilezile na aina ileile, betri ya volti 9 kama gitaa lako ni aktivu (lina saketi ya ndani inayotumia betri), na kanga au shuka nyepesi ya kivuli. Waya wa gitaa usiutumie kuunganisha hedi na spika hata kwa dharura. Ndani yake uzi ni mwembamba kama unywele, utapata moto, na ukishikana ndani hedi inakwenda nao.

Kufunga kwenye pikipiki

Gitaa la besi lenye nyuzi za inchi 34 lina urefu wa sentimita 115 hadi 118 kutoka kitako hadi kichwa. Ukiwa umekaa kwenye siti ya Boxer au TVS na gitaa mgongoni, kichwa cha gitaa kinapita juu ya helmeti kwa sentimita 25 hadi 30. Akili inasahau hilo ndani ya dakika tano. Matawi ya miembe, kamba za kuanikia nguo, mageti ya chini na milango ya gereji ndivyo vinavyovunja shingo za magitaa. Ajali za barabarani zinafuata nyuma.

Begi liwe na sponji ya angalau sentimita 2, na mikanda ifupishwe mpaka kitako cha gitaa kisikalie siti. Kikigusa siti, kila shimo la barabara linapandisha gitaa zima, uzito unaangukia pini ya mkanda na kichwa kinakugonga helmeti kwa nyuma. Acha nafasi ya vidole vitatu. Kama begi lina mkanda wa kifuani, ufunge. Bila huo, upepo wa kasi ya kilomita 60 unalivuta begi pembeni kama tanga. Usilegeze nyuzi zote kwa kuogopa safari. Shingo imezoea mvutano wake, na ukiuondoa wote halafu ukaurudisha, itachukua muda kutulia na utapiga saa ya kwanza ukihangaika na tyuni.

Boksi la spika linakaa kwenye siti ya nyuma na kerya, na uzito wake mwingi uwe mbele ya ekseli ya gurudumu la nyuma. Likisogea nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani unaanza kucheza kwenye mchanga. Maana yake boksi likipanda, abiria hapandi. Mishikaki ya watu wawili na boksi juu ni namna ya kupoteza vyote vitatu. Uso wa spika uelekee mgongo wa dereva, nyuma pawe na mbao: kokoto zinazoruka barabarani haziulizi.

Funga kwa mipira ya tyubu, ile wanayotumia bodaboda, mitatu: mmoja kulia kwenda kushoto kupita juu, mmoja mbele kwenda nyuma, na wa tatu kuzunguka boksi kwa chini ili lisiteleze. Kamba ya nailoni pekee inalegea kwa mtetemo. Ncha zote zifungiwe ndani. Ncha ya sentimita 20 inayoning'inia upande wa mnyororo inatosha kuzungushwa na sproketi na kulifunga gurudumu. Upande wa pili kuna ekzosi, na nailoni ya begi ikiigusa inayeyuka kabla hujasikia harufu. Baada ya kilomita chache za kwanza simama ukaze upya, kwa kuwa mpira hulegea ukishapata umbo la mzigo.

Tairi la nyuma liongezwe upepo. Pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 hutaka psi 28 hivi kwa dereva peke yake na 32 hivi kwa mzigo au abiria, lakini kibandiko kilicho karibu na kifuniko cha mnyororo ndicho chenye kauli ya mwisho kwa pikipiki yako.

Hedi isifungwe kwenye kerya. Injini ya silinda moja inatetemesha kila kitu, na mtetemo huo kwa muda wa nusu saa unalegeza nati za jeki, skrubu za ndani na, kwenye hedi zenye vali, vali zenyewe kwenye soketi zake. Ivae kwenye begi dogo mbele ya kifua kama umepakiwa, au iweke kwenye boksi la nyuma lenye sponji pande zote sita. Mwili wa mtu ni shokamzoba nzuri kuliko chuma chochote.

Boksi la spika nne za inchi 10, au kombo (ampu na spika kwenye boksi moja) ya inchi 15, halipandi pikipiki. Bajaji inaingiza boksi moja kwenye siti ya nyuma, na kama bendi inasafirisha ngoma pia, kodini toyo mchangie. Ni rahisi kuliko shingo mpya.

Umeme kabla ya chochote

Ukifika, usichomeke. Kwanza uliza umeme unatoka wapi. Kama ni jenereta, iwe mita 20 au 30 kutoka jukwaani, upande ambao upepo unapeleka moshi mbali na watu. Umbali huo unasaidia na kelele nyingine pia: plagi ya injini ya petroli inarusha mawimbi ambayo sumaku za gitaa, hasa zile za koili moja, zinayanasa kama tik-tik-tik kwenye spika. Bodaboda wanaoegesha nyuma ya jukwaa wakiwa wameacha injini inanguruma wanaleta kitu hichohicho. Ukisikia tiki inayopanda na kushuka kadiri mtu anavyovuta mafuta, usihangaike na waya wako, mwombe azime.

Ukubwa wa jenereta hupimwa kwa kVA, na kVA 2.5 ni kama kilowati 2 za matumizi halisi. Ampu ya besi ya wati 500 haivuti wati 500 muda wote. Kwa muziki wa kawaida wastani wake ni 100 hadi 200, ila kila unapopiga noti nzito inavuta ghafla zaidi. Jumlisha wastani wa vyombo vyote, kisha zidisha mara mbili. Kiboko cha jenereta ndogo si muziki. Ni friji la soda, mashine ya bisi na birika la umeme vilivyochomekwa kwenye eksitensheni ileile. Friji likiwaka, volti zinashuka na hedi inajizima. Taa na mashine ya moshi zikae kwenye jenereta nyingine, au angalau kwenye laini nyingine.

Washa jenereta, iache ipate moto dakika tano, weka kasi sawa, halafu pima kwa multimita kwenye soketi utakayotumia, si kwenye jenereta. Afrika Mashariki tunatarajia volti 220 hadi 240 na Hz 50. Chini ya 200 hedi nyingi zitaanza kukosa nguvu au kujizima. Juu ya 250 usichomeke kitu. Ukiona namba inaruka ovyo, mara 190 mara 270, shuku nyutro iliyolegea: kwenye jenereta au laini ya fezi tatu, nyutro ikikatika chombo kimoja kinaweza kupokea karibu volti 400. Hilo si la kufungafunga na solotepu, ni la fundi umeme.

Eksitensheni ndefu inakula volti. Waya wa milimita za mraba 1.5 wenye urefu wa mita 50 ukibeba ampea 8 unapoteza karibu volti 10 njiani, wa 2.5 unapoteza kama 6. Yale mawaya membamba meupe ya dukani, yanayouzwa kwa ajili ya taa na feni, yanapoteza zaidi na yanapata moto. Kama ni rola, ifungue yote hata kama unahitaji mita 5 tu. Waya uliojiviringisha haupozi, na plastiki ikiyeyuka nyuzi zinashikana katikati ya rola mahali usipoona.

Sasa arthi. Kuna kaugonjwa ka kukata mguu wa arthi kwenye plagi ili ngurumo ipotee. Ngurumo inapotea kweli, na kinga yako inapotea nayo. Mpiga besi anashika nyuzi za chuma zilizounganishwa na ampu, halafu anaweka mdomo kwenye maiki iliyounganishwa na miksa. Ampu na miksa zikiwa na arthi tofauti, au moja ikiwa haina, yeye ndiye waya unaounganisha. Kabla ya kusogeza mdomo, weka multimita kwenye volti za AC, ncha moja kwenye daraja la gitaa na nyingine kwenye wavu wa maiki. Namba iwe karibu na sifuri. Ikisoma makumi ya volti, hakuna kuimba mpaka sababu ipatikane.

Kanuni inayozuia sehemu kubwa ya matatizo hayo ni moja: jukwaa lote na miksa vipate umeme kutoka chanzo kimoja na arthi moja. Jenereta ndogo za kubebeka mara nyingi nyutro yake haijaunganishwa na mwili wake, na hapo swichi ya kinga ya miliampea 30 inaweza isikate inapotakiwa kukata. Kuunganisha vizuri na kupiga nondo ya arthi chini ni kazi ya fundi umeme. Kwenye mchanga mkavu wa pwani humwagia maji pale nondo ilipo, kwa kuwa mchanga mkavu haupitishi umeme vizuri.

Kama ampu ni ya mtumba kutoka Marekani, soma kibao cha nyuma. Kimeandikwa 120V 60Hz? Basi volti 230 zitaichoma mara moja. Zile zilizoandikwa 100–240V hazina shida popote.

Na betri ya pikipiki? Swali hilo halikosekani. Ina volti 12 na kwa kawaida Ah 5 hadi 9, yaani hata ikiwa imejaa haifiki wati-saa 110, na kuikausha ni kujitafutia safari ya kusukuma pikipiki usiku. Kwa mkutano wa barabarani usio na jenereta, tumia betri ya sola ya Ah 100 na inveta ya wimbi safi. Ukivuta wastani wa wati 150, inveta inachukua karibu ampea 15 kwenye betri. Ukitumia nusu tu ya betri ya risasi ili usiiue, una saa tatu na zaidi kidogo. Inveta za bei rahisi zenye wimbi la ngazi hutoa mlio wa zzz ambao ikwalaiza haiuondoi.

Kuweka ampu jukwaani

Simama upande wa haihati ya mpiga ngoma, ampu iwe nyuma yako kidogo pembeni, ili wote wawili muisikie. Watu husema besi inahitaji mita kadhaa "kuchanua" kabla hujaisikia. Sivyo. Ukiwa karibu, spika inapiga magoti yako, na zile sauti za kati zinazokuonyesha ni noti gani zinapita chini ya masikio. Nyanyua boksi kwa kreti mbili za soda zilizopangwa zikatulia, au liinamishe lielekee kichwani. Ukiwa na mabokisi mawili, yapandishe moja juu ya jingine. Yakikaa sambamba sauti inabadilika kila unapopiga hatua.

Hofu ya kwamba kreti zitapoteza uzito wa sauti haina msingi mkubwa. Noti ya E ya chini ni Hz 41 na wimbi lake lina urefu wa zaidi ya mita 8. Nusu mita kutoka chini ni kitu kidogo kwake.

Ukuta ndio wa kuangalia. Kama nyuma kuna ukuta wa darasa au kanisa, sogeza boksi mpaka pabaki sentimita 30 au pungufu, na utapata sauti ya chini ya bure, hadi desibeli 6. Mahali pabaya kuliko pote ni mita 2 kutoka ukutani: sauti inakwenda nyuma, inarudi, na kwenye Hz 43 inakutana na ile ya mbele zikiwa zimepishana, zinafutana. Hapo F yako inatoweka kabisa na E inakaribia kutoweka, wakati A inasikika vizuri, na mpiga besi anaanza kulaumu nyuzi. Mita 1 inafanya hivyo kwenye Hz 86, karibu na F ya oktavu ya pili. Kama huwezi kugusa ukuta, kaa mbali kabisa nao.

Jukwaa la mbao lenye uwazi chini ni ngoma nyingine. Ampu ikikaa juu yake, ubao unaitikia noti fulani kwa fujo na maiki za ngoma zinanasa mtetemo. Kipande cha godoro la sponji chini ya boksi, au zile kreti, vinapunguza.

Viwango na ikwalaiza

Shusha masta hadi sifuri. Piga kwa nguvu zote utakazotumia, slapu ikiwemo, ukipandisha geini mpaka taa nyekundu imulike mara mojamoja, kisha rudisha kidogo. Gitaa aktivu likiwasha taa hata geini ikiwa chini, bonyeza kitufe cha kupunguza. Ndipo upandishe masta.

Mkono utataka kuongeza besi, kwa kuwa nje sauti inasikika nyembamba. Uzuie. Kuongeza desibeli 6 kwenye Hz 40 ni kuiomba ampu nguvu mara nne kwenye eneo ambalo boksi dogo halitoi kitu cha maana. Koni inacheza mbele na nyuma bila sauti, kisha inaanza kutoa mlio wa kupasuka. Kama hedi ina kichujio cha sauti za chini, kiweke Hz 35 au 40. Uzani unaousikia uwanjani uko Hz 80 hadi 120, huko ndiko kwa kuongeza desibeli 2 au 3. Ule ukataji wa Hz 250 hadi 400 uliouzoea kumbini, upunguze au uondoe. Ulikuwa unatibu mwangwi wa chumba ambacho hakipo. Ukishindwa kusikia noti katikati ya magitaa mawili na kinanda, ongeza Hz 700 hadi 1,000. Itasikika mbaya ukiwa peke yako na nzuri bendi ikianza, na ya pili ndiyo inayohesabika. Mwenye nyuzi tano naye asihofu kichujio: B ya chini ni Hz 31, lakini sikio linaitambua zaidi kwa ile Hz 62 iliyo juu yake.

Laini ya miksani itoke kabla ya ikwalaiza, swichi ya DI ikiwa imeandikwa *pre*. Hapo unaweza kurekebisha sauti yako jukwaani bila kumharibia fundi mitambo kazi. Mwambie azime chaneli kabla hujachomeka. Ikitokea ngurumo ya Hz 50 mara tu XLR inapoingia, bonyeza kitufe cha kukata arthi kwenye DI. Hicho ndicho kitufe halali cha kazi hiyo, kwa kuwa kinakata skrini ya waya wa sauti tu na kuiacha arthi ya umeme ilipo.

Palipo na spika mbili tu za stendi bila sabufa, mambo yanabadilika: besi yote ya uwanja ni ampu yako. Hapo leta mabokisi mawili, yaweke ukutani au moja kwa moja chini, yaelekee watu, na mwombe fundi aitoe besi kabisa kwenye zile spika za stendi ili zibaki na nguvu kwa sauti za waimbaji.

Ikigoma

Hedi ikizima baada ya nusu saa mchana, gusa mwili wake. Kama huwezi kuacha kiganja juu yake, ni joto. Jua la saa saba likipiga chuma cheusi, feni inavuta hewa iliyokwisha kuwa moto. Tandaza kanga juu yake kama hema, isizibe matundu ya pembeni, subiri dakika kumi. Ikizima tu unapopiga noti nzito, pima volti wakati unapiga: zikishuka sana, tatizo liko kwenye eksitensheni au jenereta. Ikizima mara moja baada ya kuongeza boksi, hesabu omu upya.

Mikwaruzo inayokuja ukitikisa gitaa ni nati ya jeki iliyolegezwa na safari. Ikaze kwa mkono huku umeshika jeki ya ndani isizunguke, ukizungusha yote unakata waya. Sauti inayofifia polepole na kuwa na mkwaruzo kwenye gitaa aktivu ni betri. Spika inayopiga kama karatasi, zima, bonyeza koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili: ikikwaruza, koili imeungua au imepinda. Isipokwaruza, kagua skrubu za spika kwanza. Safari ya pikipiki hulegeza hizo mara nyingi kuliko kuharibu spika.

Tyuni itashuka jua likipiga nyuzi, kwa kuwa chuma kikipata joto kinatanuka, na itapanda jioni. Angalia kila baada ya nyimbo chache, na gitaa lisilopigwa likae kivulini, si ndani ya begi jeusi lililofungwa juani.

Mvua ikianza wakati wa masika au vuli, usisubiri mpaka ilowanishe. Masta chini, zima hedi, chomoa umeme kwa mkono mkavu, turubai juu. Eksitensheni zilizolala kwenye nyasi zinyanyuliwe, na maungio yakae juu ya kreti. Chombo kilicholowa hakiwashwi siku hiyo, hata kikionekana kikavu.

Wakati wa kufungasha, ampu zizimwe kwanza, miksa mwisho, jenereta baada ya vyote. Pwani futa nyuzi kwa kitambaa kikavu palepale, chumvi ya upepo haisubiri kesho. Waya zikunjwe kwa duara kubwa, si kuzungushwa kiwikoni. Chomoa jeki kwenye gitaa aktivu, maana ikibaki ndani betri inaendelea kuliwa hadi shughuli ijayo.